Kivukoni unalipia sakafu, si gari

Swali: Mtaalamu, pole na kazi. Mwezi uliopita nilisafiri na familia kwa meli ya kuvusha magari, safari ya usiku kucha kutoka nchi moja kwenda nyingine. Gari langu ni stesheni wagoni, na kadi ya gari inasema lina urefu wa mita 4.6, kwa hiyo mtandaoni nilikata tiketi ya gari dogo lisilozidi mita 5. Kufika gatini kijana mmoja akachomoa futikamba, akapima hadi mwisho wa keria ya baiskeli nyuma, akapima na kimo cha boksi la mizigo nililofunga juu, kisha akaniambia niongeze pesa karibu sawa na nilizokwisha kulipa. Wakanikatalia galoni la petroli. Wakatushusha sote garini, watoto wakiwa usingizini. Asubuhi nikakuta mkwaruzo mlangoni. Hizo ni kanuni kweli, au nilionewa? Mkwaruzo analipa nani? Na mwakani nitakuwa na gari la umeme. Je, watanipokea?

Jibu: Ndugu yangu, hukuonewa, ingawa naelewa hasira zako. Nimefanya kazi ya kupanga magari sitahani kwa miaka mingi, na ugomvi wa futikamba nimeusikia kwa kila lugha. Karibu kila anayegomba ana kadi ya gari mkononi, na kadi hiyo haidanganyi. Tatizo ni kwamba inaeleza gari lilivyotoka kiwandani, likiwa tupu, bila keria, bila boksi, bila kichwa cha kuvutia tela. Meli inapakia gari lililopo mbele yake.

Bei yote huanzia hapo. Mwenye meli hauzi usafiri wa gari kama wewe unavyolifahamu gari. Anauza sakafu. Sitaha ya magari imechorwa mistari kama barabara, na kipimo cha biashara ni mita moja ya urefu ndani ya mstari mmoja, ambao kwa kawaida una upana wa kati ya mita 2.5 na 3. Meli hizi zikiagizwa kiwandani, uwezo wake hutajwa kwa mita hizo za mstari kabla ya kutajwa idadi ya magari.

Tufanye hesabu ya gari lako. Chukua mstari wa mita 100. Magari ya mita 4.6, yakiachiana sentimita 40, yanaingia 20. Sasa weka keria yenye baiskeli, ambayo huongeza kama sentimita 70. Gari limekuwa mita 5.3, na ndani ya mstari uleule yanaingia 17. Magari matatu yamebaki gatini, na kama meli ina mistari minane, hayo ni magari 24. Ndiyo maana kampuni hupanga madaraja ya urefu na kukuhamishia daraja linalofuata ukizidi hata kidogo. Daraja la kwanza hutofautiana sana: Norway vivuko vingi hukata kwenye mita 6, vivuko vya jimbo la Washington, Marekani, vina nauli nafuu kwa gari lisilofika futi 14 na nauli ya kawaida kwa lisilofika futi 22, BC Ferries ya Kanada huanza kuhesabu nyongeza baada ya futi 20. Gari lako lilelile, na keria yake (futi 17 na ushei), lingepita bila nyongeza ya urefu katika hizo zote tatu. Kwenye meli uliyopanda ulivuka mpaka wa mita 5 kwa sentimita 30, na hilo lilitosha.

Lakini nadhani kilichokuumiza zaidi ni kimo. Watu wengi hawaoni kwa nini kimo kiwe na bei wakati juu ya gari lao kuna hewa tupu. Ukiinua macho ndani ya sitaha utaona kwamba hewa hiyo si tupu. Meli nyingi zina sakafu za kuning'inia, mabamba ya chuma yanayoshushwa kwa kamba za waya au mitambo ya mafuta, ili nafasi ya lori moja lenye kimo cha mita 4 na zaidi igawanywe iwe ya magari madogo mawili, moja juu ya jingine. Sakafu hizo huacha uwazi wa mita 2 hivi, pengine pungufu. Gari lenye kimo cha mita 1.5 linakaa vizuri chini ya bamba au juu yake. Ukifunga boksi la nusu mita, limefika mita 2, halipiti tena. Inabidi lipelekwe upande wa malori, na pale limekaa peke yake mahali ambapo yangekaa mawili. Basi nyongeza "karibu sawa na nauli ya kwanza" haikutoka hewani. Ulichukua viti viwili.

Kwa safari ijayo pima mwenyewe nyumbani, gari likiwa limepakiwa kila kitu, kuanzia ncha ya bampa ya mbele hadi kitu cha mwisho kinachochomoza nyuma, na kutoka ardhini hadi kitu cha juu kabisa. Ukivuta tela, hesabu na mkono wake wa kuvutia. Kisha ujiulize kama boksi lile ni la lazima. Nimeona watu wakishusha boksi gatini, wakagawa mizigo kwenye miguu ya abiria, na wakarudi kwenye daraja la gari dogo kwa kazi ya dakika 10. Baiskeli nazo baadhi ya kampuni huzitoza nauli ndogo sana zikisukumwa kwa mkono. Usipunguze vipimo kwenye fomu kwa kutumaini hawatapima. Bei ya kurekebisha gatini mara nyingi ni ya siku ileile, tena ya msimu wenye watu wengi, na kama mstari wa magari marefu umejaa utabaki nje hata ukiwa na pesa.

Uliza pia kama nauli ya gari imemjumuisha dereva. Vivuko vya Washington huuza gari pamoja na dereva wake. BC Ferries hutoza gari peke yake, na dereva hulipa kama abiria yeyote. Mtu akilinganisha bei za kampuni mbili bila kuangalia hilo, anaweza kuchagua iliyo ghali akidhani amepata nafuu.

Tozo nyingine nazipitia haraka. Bandari ina ada yake. Mafuta yana nyongeza yake, ambayo imekuwa ikionekana zaidi tangu Januari 1, 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, liliposhusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli hadi asilimia 0.50, na kwa safari za Ulaya, tangu 2024 meli kubwa zimeingizwa kwenye malipo ya hewa ya ukaa. Gari lisilowaka linatakiwa litajwe mapema kwa sababu litahitaji kuvutwa, na kuvutwa kuna bei. Gari la kukodi au la mkopo huhitaji barua ya mwenye mali, na forodha ina karatasi zake. Kwenye malori uzito huingia kwenye bei na hata kwenye ruhusa, kwa kuwa sitaha ina kikomo cha tani kwa kila ekseli. Kwako wewe hilo la uzito halikuhusu.

Tuingie kwenye kanuni zilizokukera usiku ule, maana hapo ndipo watu hudhani mabaharia wanajitafutia ukubwa.

Meli ya kawaida ya mizigo tumbo lake limegawanywa kwa kuta. Likitoboka sehemu moja, maji hujaa sehemu hiyo tu. Meli ya magari haiwezi kuwa na kuta sitahani, kwa sababu gari linaingilia tezi, yaani nyuma ya meli, na kutokea omo, yaani mbele, au kinyume chake. Ni ukumbi mmoja mrefu na mpana. Sasa beba sinia pana lenye maji ya kina cha kidole uone linavyokupeleka: ukiinamisha kidogo tu, maji yote hukimbilia upande huo, uzito unafuata, sinia linainama zaidi. Sitaha ya mita 100 kwa 20 ikiingia maji ya sentimita 10 tu, hizo ni tani 200 zinazotembea zitakako.

Tarehe 6 Machi 1987 meli Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa wazi. Omo ilikuwa imezama kuliko kawaida kwa sababu matangi ya mbele yalijazwa maji ili sitaha ilingane na ngazi ya bandari. Baharia aliyepaswa kufunga alikuwa amelala, na nahodha hakuwa na hata taa moja ya kumwonyesha kama milango imefungwa. Meli ilipoongeza mwendo maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, na ndani ya dakika chache ikalala ubavu. Walikufa watu 193. Miaka saba baadaye, Septemba 28, 1994, mawimbi ya Baltiki yaling'oa kifuniko cha omo cha meli Estonia, na watu 852 wakapoteza maisha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulikuwepo tayari, lakini taa za milango, kamera za sitahani na hesabu mpya za uthabiti vilitokana na misiba hiyo. Nchi za kaskazini mwa Ulaya ziliafikiana mwaka 1996 kwamba meli za namna hiyo zihimili hadi nusu mita ya maji juu ya sitaha ya magari.

Ukishaliona sinia lile, kanuni nyingi zinajieleza. Muda wa kuripoti mapema, dakika 45 au 90 kabla ya kuondoka, kwa sehemu ni wa kumpa afisa wa shehena nafasi ya kujua atakachopakia. Malori mazito hukaa katikati na chini, uzito husawazishwa kulia na kushoto, na kwa hiyo aliyefika wa kwanza anaweza kuingia wa mwisho. Hakuna aliyekuruka foleni. Baharia anapokuashiria usogee hadi bampa ligusane na pumzi ya gari la mbele, mfuate yeye, wala usifuate kioo chako. Vuta hendibreki hadi mwisho, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki. Chuma kilicholowa kinateleza. Pikipiki hufungwa kwa mikanda, na mwenye pikipiki aangalie mwenyewe jinsi inavyofungwa. Zima king'ora cha wizi, la sivyo kitalia usiku mzima kila meli inapoyumba, na betri itakuwa imekufa alfajiri wakati nyuma yako magari 60 yanasubiri kushuka. Hilo nimelishuhudia zaidi ya nilivyopenda.

Kushushwa garini ni suala la moto kuliko maji. Mnamo Februari 2022 meli Euroferry Olympia iliwaka karibu na kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Baadhi ya madereva walikuwa wamelala ndani ya malori yao sitahani badala ya vyumba vya juu, na watu 11 walikufa. Sitaha ikishika moshi, mtu haoni mlango, na magari yamebanana hata kufungua mlango wa gari ni kazi. Hata maji ya kuzimia moto yana hatari yake: Februari 2006 meli al-Salam Boccaccio 98 iliwaka Bahari ya Shamu, maji yaliyomwagwa kuzima moto yakajikusanya kwenye sitaha ya magari badala ya kutoka, ikapinduka. Watu wapatao 1,000 walikufa. Kwa hiyo katika safari za baharini sitaha hufungwa, na watoto wanaamshwa. Kwenye vivuko vidogo vya wazi vinavyokata mto kwa dakika chache, wengine huruhusu kubaki garini. Ukibaki, fungua mkanda, shusha vioo, na usiwashe gari hadi ngazi iguse nchi kavu.

Petroli yako kwenye galoni iliangukia sheria za shehena hatari. IMO ina kanuni nzima ya mambo hayo, iitwayo IMDG, na petroli ina namba yake humo, 1203. Mafuta yaliyomo kwenye tangi la gari yanavumiliwa kama sehemu ya gari. Yakihamia kwenye galoni yanakuwa mzigo hatari unaohitaji kutangazwa, na kampuni nyingi kwa gari la abiria hukataa moja kwa moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni ukitafuta cheche. Mtungi wa gesi ya kupikia mara nyingi hukubaliwa kwa idadi ndogo, ukiwa umefungwa vali na kusimamishwa wima, lakini utaje kabla. Aliyeuficha akagunduliwa huachwa gatini, na nauli hairudi.

Kuhusu gari la umeme: kampuni nyingi zinalipokea, lakini uliza kabla ya kulipa. Mapema 2023 kampuni ya Norway, Havila Kystruten, iliacha kubeba magari ya umeme na ya hidrojeni kwenye meli zake za pwani baada ya tathmini ya hatari, na hiyo ni nchi yenye magari mengi ya umeme, kwa idadi ya watu wake, kuliko karibu nyingine yoyote. Wengine nchini humohumo wanayapakia kila siku. Maoni yangu ni kwamba hofu imezidi kidogo kipimo. Gari la petroli nalo huwaka vibaya, na joto linalotoka kwa ujumla halitofautiani sana. Kinachotofautiana ni kwamba moto wa betri ni mgumu kufikiwa na unaweza kurudi baada ya kudhaniwa umezimika, jambo linalosumbua sana katikati ya bahari. Kwa hiyo zipo kampuni zinazotaka betri isizidi kiwango fulani cha chaji, nyingine huyapanga magari hayo sehemu moja, na nyingi hukataza kuchaji ndani ya meli kwa waya wako mwenyewe. Gari lililowahi kugongwa kwenye uvungu, penye betri, usilipeleke kabisa bila kulikagua. Kumbuka pia ni zito kuliko ndugu yake wa petroli. Kwenye meli kubwa hilo si kitu, lakini kwenye pantoni dogo la mtoni nahodha ana haki ya kuuliza.

Limebaki suala la mkwaruzo. Safari yako ilivuka mpaka, kwa hiyo inawezekana iko chini ya Mkataba wa Athens wa 1974, uliorekebishwa kwa itifaki ya 2002 iliyoanza kutumika Aprili 2014, ikiwa nchi husika zimeuridhia. Mkataba huo huliona gari la abiria kama sehemu ya mizigo yake. Gari likiharibika, msafirishaji ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakuwa na kosa. Wewe huna kazi ya kuthibitisha alizembea. Kikomo cha fidia kwa gari, pamoja na mizigo iliyomo, ni SDR 12,700, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho thamani yake hutangazwa kila siku. Lori lililosafiri kwa hati ya shehena haliingii humo.

Ubaya wako uko kwenye siku. Uharibifu unaoonekana kwa macho unatakiwa uripotiwe kwa maandishi kabla ya kukabidhiwa gari au wakati huohuo, yaani pale pale sitahani au mlangoni pa bandari. Uharibifu uliojificha una siku 15. Wewe umengoja mwezi, kwa hiyo sheria itachukulia kwamba ulipokea gari likiwa zima mpaka uonyeshe vinginevyo. Mlango haujafungwa kabisa, kwani muda wa kufungua shauri ni miaka miwili tangu kushuka. Kama kuna picha uliyopiga gatini kabla ya kupakia, hata ile ya watoto wakiwa wameegemea mlango huo, na nyingine ya asubuhi ile ikiwa na saa yake, iambatanishe kwenye barua pamoja na namba ya tiketi na mstari ulioegeshwa.

Kabla ya kuandika, soma masharti nyuma ya tiketi. Mkataba unamruhusu msafirishaji kukubaliana na abiria kwamba kiasi cha kwanza cha hasara, hadi SDR 330 kwa gari, abiria akibebe mwenyewe. Fundi akikwambia kupiga rangi mlango kunagharimu chini ya hapo, barua yako haitaleta senti, na ni bima yako mwenyewe utakayoigeukia, ikiwa hati yake inataja gari likiwa chomboni.